Ukimfuta Saut

Balige, Sumatra, 14 Februari 2005

Mjomba Marolop,

Shikamoo, na pole na mvua. Mama anasema Bandung hakujakauka tangu Krismasi. Huku hatujambo. Goti la Mama linauma mvua zikikaribia na linauma zikishapita. Redio ya Baba imekufa, kwa hiyo siku hizi anatusikiliza sisi, jambo ambalo hakuna aliyelizoea. Mbwa amezaa sita, wote wanafanana na mbwa wa mchungaji, nasi tumekubaliana kutouliza.

Sasa neno lililonikalisha niandike. Ukoo wako unazindua mnara wa mababu Jumamosi tarehe 9 Julai. Unajua desturi: sisi watoto wa mabinti ndio watumishi wa sherehe za wajomba. Binamu zangu wamepangiwa maji, kuni na vitunguu. Mimi nimepangiwa kompyuta. Babu Gomgom, mwenyekiti wa kamati, aliniita akasema, "Wewe si ulisomea hayo mambo Medan? Basi tupikie." Wanataka orodha nzima ya ukoo, tangu babu wa kwanza hadi mtoto aliyezaliwa juzi, iwe ndani ya mashine, ili siku hiyo kila nyumba iitwe kwa zamu yake na kupewa fungu lake la nyama ya nyati.

Nimepata programu ya hifadhidata inayoitwa MySQL, ilikuja katika diski ya gazeti, bure. Babu Gomgom anasema cha bure hakikosi funza. Nimeingiza majina wiki tatu. Daftari la ukoo linasema wanaume, hai na wafu, ni kama elfu moja na mia tisa. Mashine yangu inasema elfu tatu mia moja na wanne. Tena inasema Babu Gomgom ni baba yake mwenyewe. Nimekagua mara mbili, nisije nikamsingizia mzee wa watu.

La pili. Kamati imepata barua kutoka Jambi, kwa dereva mmoja wa lori la mbao aitwaye Marihot. Anasema baba yake ni Saut, na kwamba Saut ni kaka yako mkubwa. Mzee yu hai, hawezi kuona, na anataka jina lake liitwe siku ya mnara, mara moja tu, kabla hajafa. Nilipomuuliza Mama, aliinuka akaosha sahani zilizokuwa safi. Nilipomuuliza Babu Gomgom, alisema ukoo hauna mtu kama huyo. Mjomba, Saut ni nani?

Nijibu kwa barua. Usipige simu, maana Mama huweka kila simu kwenye spika. Wala barua pepe usitume: mwenye duka la intaneti ni mkwe wa Babu Gomgom, husoma barua za watu akiwa amesimama nyuma yao, tena kwa sauti.

Mpwa wako,
Rumondang


Bandung, 2 Machi 2005

Mpwa wangu Rumondang,

Barua yako ilifika ikiwa na duara la kikombe cha kahawa kwenye bahasha, kwa hiyo najua kwamba tarishi hajambo. Mkazamjomba wako anawasalimu. Ameanza kufundisha kwaya ya wajane, nayo inapungua, kwa sababu wawili wameshaolewa tena. Mimi nilistaafu kufundisha lakini kufundisha hakujanistaafu mimi, kwa hiyo kaa kitako.

Hifadhidata ya mahusiano ni rundo la majedwali. Kila jedwali ni kama daftari, na kila mstari ni mtu mmoja au jambo moja. Uzuri wake haumo ndani ya daftari. Umo katika namna daftari moja linavyolinyooshea jingine kidole: huyu, baba yake ni yule, huyu, mkewe ametoka ukoo ule. Ili kidole kisikosee, kila mstari unahitaji ufunguo, yaani kitu kimoja ambacho hakibadiliki na ambacho hakuna mwingine aliye nacho.

Wewe umetumia jina. Kwa Waholanzi ungepona. Lakini sisi, binti yangu! Babu Gomgom alizaliwa akaitwa Binsar. Alipopata mtoto akawa Baba Risma, na tangu hapo kumwita Binsar ni kutafuta kofi. Alipopata mjukuu akawa Babu Gomgom. Wewe ukapita nyumba kwa nyumba, na kila mtu akakutajia lile jina ambalo umri wake unamruhusu kulitaja. Ukapata wanaume watatu. Kisha mtu akakwambia Baba Risma ni wa nyumba ya Babu Gomgom, nawe ukamwandika mwanawe. Hivyo ndivyo mtu anavyojizaa.

Wape namba. Namba haizai, haipati wajukuu, wala haidai heshima. Nimekuwekea majina ya utotoni ya wazee themanini na saba. Usiyataje kwa sauti. Kompyuta haina adabu, lakini pia haichongei.

Na hilo la bure. Mwambie mwenyekiti kwamba cha bure hapa si kama embe lililookotwa. Ni kama jirani aliyekupa samaki pamoja na maelezo ya namna alivyompika: tangawizi kiasi gani, moto kiasi gani. Unaweza kusoma, kubadilisha, kumpikia mwingine. Wenye MySQL wanakupa kwa sharti moja: ukibadilisha mapishi kisha ukagawa chungu, ugawe na mapishi. Funza anayefichika ni yule wa chungu kilichofungwa kifuniko, unachouziwa bila ruhusa ya kuchungulia.

Hali ya hewa hapa imetulia.

Marolop


Balige, 15 Machi 2005

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Watoto wa mbwa wamefumbua macho na sasa mchungaji mwenyewe haulizi.

Asante kwa kurasa nne. Nimezisoma zote. Neno "Saut" halimo hata mara moja, wakati "tangawizi" limo.

Namba zimefanya kazi. Wanaume ni elfu moja mia tisa na kumi na mmoja, na Babu Gomgom ana baba mwingine, tena wa heshima. Majina yako yameniokoa. Ila nimeona jambo katika karatasi yako. Kwenye nyumba ya baba yako umejiandika hivi: "Marolop, mtoto wa pili." Kisha Mama, "mtoto wa tatu." Mimi si mwalimu wa hesabu, lakini nijuavyo kabla ya mbili kuna kitu. Wa kwanza yuko wapi?

Halafu kuna hili. Nilimwingiza Marihot kwa kujaribu, nikaandika kwamba baba yake ni namba elfu tano. Namba elfu tano haipo! Mashine ikapokea, kimya, kama mhudumu wa hoteli. Uliniambia kunyoosheana vidole ndiyo kazi yake. Mbona ananyoosha kidole hewani na hakuna anayemkemea?

Rumondang


Bandung, 11 Aprili 2005

Mpwa wangu,

Usishangae kuchelewa kwangu. Nilikuwa na mafua, kisha nikawa na uvivu unaofuata mafua. Mkazamjomba wako anasema uvivu ulitangulia. Kwaya imebaki na wajane wanne na mpiga kinanda mwenye tamaa.

Umeuliza swali zuri na nitalijibu lote. MySQL unayotumia, kwa namna inavyotunza majedwali usipoiagiza vingine, haikagui kidole kinaelekea wapi. Unaiandikia kabisa, "baba lazima awepo," nayo inaitikia "ndiyo," inatupa agizo lako kapuni. Ni kama shemeji mcheshi: mwepesi, ana mbio, kila mtu anampenda, kila tovuti inamwalika, na huwezi kumkabidhi harusi. Si mbaya. Siku hizi ana namna ya pili ya kutunza majedwali ambayo hukagua kweli, lakini lazima umwombe.

Wako ndugu wengine huria. SQLite ni mpangaji wa chumba kimoja: hifadhidata nzima ni faili moja unalolitia mfukoni, haihitaji mtumishi, haina hata mwenyewe, kwa kuwa aliyeiandika aliiacha iwe ya kila mtu. Ungekuwa peke yako na kompyuta moja ningekupa hiyo. Lakini kamati yako ina watu tisa wenye vidole, na SQLite haipendi wawili kuandika kwa wakati mmoja. Firebird alizaliwa nyumba ya tajiri, akauzwauzwa, hadi siku moja mapishi yake yalipowekwa hadharani, na watu baki wakamlea. Ni mtaratibu na ana uwezo, ila ndugu zake wachache, na ukipotea njia utapata tabu kumpata wa kumuuliza.

Kisha PostgreSQL. Alizaliwa chuo kikuu huko California, na bado ana tabia za chuoni: anasoma kila kitu unachomwandikia na anakurudishia kikiwa na kosa lililopigiwa mstari. Ni shangazi anayesimama mlangoni akiuliza, wewe mtoto wa nani? Usipojibu, huingii. Masharti yake ni mepesi kuliko ya wote: chukua, badilisha, uza ukitaka, ila usifute majina ya waliomlea. Mwaka huu ndipo alipokubali kukaa kwenye Windows bila kubembelezwa. Diski yake nimeifunga ndani ya soksi, ambayo ni zawadi ya Baba.

Utaona alama yake ni tembo. Ya MySQL ni pomboo. Wanaotengeneza vitu hivi wanapenda wanyama kwa sababu wanyama hawaulizi maswali.

Kuhusu swali lako lingine, goti langu nalo limeanza. Nadhani ni la urithi.

Marolop


Balige, 25 Aprili 2005

Mjomba,

Shikamoo, na pole na goti ambalo limeanza siku niliyouliza swali.

Baba amevaa soksi. Ni moja. Anauliza ya pili ina diski gani.

Shangazi wako wa California amenitesa. Alikataa mistari mia na ishirini kwa siku moja. Alimkataa mtu aliyezaliwa kabla ya babu yake. Aliwakataa wawili waliokuwa na namba moja. Nilimtukana kwa Kitoba, lugha yetu ya nyumbani, naye akanionyesha mstari wa kosa. Lakini nilipomaliza, Mjomba, kwa mara ya kwanza nilihisi nina kitu kinachosimama. Kila mtu ana baba, na kila baba yupo.

Isipokuwa Marihot. Alimkataa Marihot, kwa haki kabisa. Basi nikafanya inavyotakiwa. Nikamwingiza Saut, namba 1912, mtoto wa baba yako, wa kwanza. Akapokewa. Nikamwingiza Marihot na wanawe watatu, wakapokewa. Mashine imemkubali kaka yako kabla yako.

Kisha nikachapisha orodha, na Babu Gomgom akaisoma. Nimewahi kumwona akikasirika, lakini siku hiyo aliongea kwa upole, na hiyo ni mbaya zaidi. Alisema Saut alioa binti wa ukoo huu huu, kwamba mwaka 1957 wazee walipitisha kuwa aliyeoa dada yake si mtu, na kwamba kamati itakaa tarehe 18 Juni, nami nitamfuta mbele ya wote, yeye na uzao wake.

Kwa hiyo sasa najua kosa lake. Bado sijui kwa nini wewe hunijibu. Nikimfuta, hataitwa, na Marihot amesema hawezi kumrudia baba yake na jibu hilo. Nifanye nini?

Rumondang


Balige, 30 Mei 2005

Mjomba,

Mwezi umepita na tarishi hajaniletea barua yako. Nimemuuliza kama ameimwagia kahawa, akaapa.

Marihot alipiga simu. Mzee ameacha wali, anakunywa uji tu. Kila jioni anauliza, "Balige wamesemaje?" Marihot anamjibu kwamba posta inachelewa. Hapo hajadanganya sana.

Zimebaki siku kumi na tisa. Ukinyamaza tena, nitabonyeza mwenyewe, kisha nitakuandikia kurasa nne za kukueleza kibodi ni nini.

Rumondang


Bandung, 8 Juni 2005

Rumondang,

Mkazamjomba wako hajambo. Nimemsomea barua yako ya mwisho, naye akanipa kalamu na kuufunga mlango kwa nje.

Saut ni kaka yangu. Alinipita miaka kumi na miwili. Alinifundisha kuogelea kwa kunisukuma kutoka kwenye jiwe. Alimwoa Dumaria, binti wa ukoo wetu, ambaye ukihesabu mababu walikutana vizazi kumi na kimoja nyuma. Kwa desturi yetu huyo ni dada. Aliambiwa achague, akachagua, na mwezi huohuo wakapanda basi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka chuo cha ualimu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote mtaani. Wazee walinipa kazi mbili kwa alasiri moja. Ya kwanza, kunakili daftari la zamani, lile la herufi za kale za mababu, kwenye daftari jipya la herufi za kawaida. Ya pili, nikifika nyumba ya baba yetu, nipige mstari juu ya jina la Saut. Baba alikaa pembeni yangu. Hakusema fanya wala usifanye. Nikapiga mstari. Nilitumia rula.

Ndiyo sababu sikukujibu. Miaka arobaini na minane nimekuwa nikiwaeleza watu mambo mengine.

Sasa sikiliza hili, kwa maana sijapata kumwambia mtu. Katika kunakili nilifika kizazi cha tano, kwa Datu Ronggur, babu wa wote walio hai katika ukoo, ambaye ninyi nyote mnamtungia nyimbo. Daftari la zamani limemtaja mke wake na ukoo aliotoka. Ni ukoo wetu. Nilipowaonyesha wazee, walitazamana, mmoja akakohoa, wakaniambia niandike ukoo mwingine wowote wenye jina fupi. Nikaandika. Wino uleule, alasiri ileile. Mjukuu alifutwa kwa kosa ambalo babu yake alijengewa mnara.

Daftari la zamani limo kabatini kwa Babu Gomgom. Huko Balige aliyebaki anayesoma herufi zile ni yeye peke yake, na kila mtu anakijua hicho kiburi chake. Jedwali lako la wake lina nafasi ya ukoo wa mke. Nadhani katika mstari wa mke wa Datu Ronggur kuna kosa la uandishi, na kosa la uandishi husahihishwa na mwenye kujua kusoma.

Kwa kuwa siwezi kuacha, nikufundishe jambo moja zaidi la PostgreSQL. Kabla ya kubadilisha kitu unaweza kumwambia: anza. Baada ya hapo, yote unayofanya yanaonekana kwako kama yamekwisha, lakini hayajawa kweli. Ukisema thibitisha, yanakuwa kweli yote kwa pamoja. Ukisema rudisha, ni kama hayakuwahi kutokea, yote kwa pamoja. Hakuna nusu. Pia unaweza kumwagiza kwamba mtu akifutwa, wafutike na wote wanaomnyooshea kidole kama baba, na wanaowanyooshea hao, hadi mwisho.

Sikuambii ufanye lolote. Naeleza tu.

Marolop


Balige, 20 Juni 2005

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo tena. Mama amesoma barua yako, maana aliitambua kwa uzito. Alilia, kisha akaosha sahani, safari hii zilikuwa chafu.

Mkutano ulikuwa shuleni, kwa sababu shule ina projekta. Wazee tisa mezani, watu sabini nyuma, wanawake jikoni na masikio yao dirishani. Nikaanza kwa adabu. Nikamwambia Babu Gomgom kwamba jedwali la wake wa kale halijakaguliwa, na kwamba hakuna mwingine awezaye kusoma lile daftari.

"Hakuna," akakubali.

"Basi tusomee, Babu. Mimi niandike."

Akavaa miwani. Alisoma wake ishirini kwa mfululizo kama mchungaji anayesoma matangazo ya wiki, akifurahia sauti yake. Mke wa huyu, ukoo ule. Mke wa huyu, ukoo ule. Mke wa Datu Ronggur, ukoo huu. Akapita. Nikaandika. Hakuna aliyeshtuka ila mzee Babu Tahi, yule wa miaka tisini na moja, aliyefumbua jicho moja.

"Sasa futa," akasema Babu Gomgom, "chakula kinapoa."

"Babu, mashine haijui kumfuta mtu kwa kumchukia. Inataka kanuni."

"Kanuni?" Akasimama, akafunga koti. "Andika! Kila mwanaume wa ukoo huu aliyeoa binti wa ukoo huu, na afutwe yeye na uzao wake wote!" Wazee wakapiga meza.

Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno. Nilikuwa nimeshasema anza. Nikabonyeza.

Mjomba, kwenye ukuta palikuwa na majina yakiteremka. Yakabaki majina kumi na manne. Wote walikufa kabla Waholanzi hawajafika kututawala.

"Projekta imeharibika," akasema mtu.

"Hapana," nikasema. "Wanaume wamebaki kumi na wanne. Wake wote mia saba na sita wako salama."

Bibi Gomgom, mke wa mwenyekiti, alikuwa ameingia na birika. Akatazama ukuta. "Kumbe mimi nimebaki," akasema. "Basi kesho nawaita mafundi, ile sebule ipakwe rangi ninayoitaka."

Kicheko cha jikoni kilisikika hadi kanisani. Babu Gomgom akawa anatafuta jina lake kwa kidole, ukutani, kama mtoto. "Mimi niko wapi? Nirudishe!"

"Babu, nikirudisha, narudisha wote. Saut yumo katika furushi lilelile."

"Mtoe yeye tu!"

"Kwa kanuni gani?"

Akavua miwani, akaifuta. Ukweli, Mjomba, ningeweza kumtoa Saut peke yake kwa mstari mmoja mfupi. Hakuniuliza kama naweza. Aliniuliza kanuni, nami nikamuuliza kanuni.

Hapo ndipo Babu Tahi aliposema, bila kuinuka, "Binsar, kaa." Ukumbi mzima ukageuka, kwa sababu hakuna aliyelisikia jina hilo kwa miaka thelathini. "Mimi nilikuwepo mwaka ule. Mimi ndiye niliyekohoa. Tulijua wakati ule na tunajua sasa. Binti, turudishe, tule."

Babu Gomgom akakaa. Kisha akasema, akiangalia meza, "Rudisha."

Saut ni namba 1912. Ataitwa. Nyumba yake imepewa fungu la shingo, kama nyumba yako. Marihot anakuja, ila mzee hawezi kusafiri tena. Hatainuka kitandani. Na wewe usiniambie habari za goti.

Rumondang


Jambi, 13 Julai 2005

Mpwa wangu,

Utaona mahali nilipoandikia. Goti lilinipa ruhusa ya safari moja tu, na nilichagua hii. Mkazamjomba wako amebaki na kwaya, ambayo sasa ina wajane watatu.

Nilifika siku mbili kabla ya sherehe. Nyumba iko karibu na kiwanda cha mbao, na kila kitu kina vumbi la mbao, hata chai. Dumaria alifariki mwaka juzi. Hakuna aliyeniambia, na sikuwa na haki ya kuambiwa. Saut amelala dirishani. Amekuwa mdogo. Nilisimama mlangoni, nikavua viatu. Akauliza, "Nani huyo anayepumua kama mwalimu?"

Jumamosi Marihot alipiga simu kutoka uwanjani kwenu na kuielekeza kwenye kipaza sauti. Nilimwekea kaka simu sikioni. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na mtoto analia, kulikuwa na nyati, nadhani. Kisha sauti ya Binsar, kavu kama anang'olewa jino: nyumba ya fulani, mtoto wa kwanza, Saut. Alilitaja jina tupu, kwa sababu hapo mwito ni kwa orodha. Kaka hakulia. Alisema tu kwa sauti, "Nipo," kama mwanafunzi darasani, ingawa simu ilikuwa imeshaanza kukatakata na sidhani kama mtu alimsikia huko.

Nilimsikia mimi.

Jioni ile nilimwambia nani aliyepiga mstari. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, unanijua. Aliniacha nifike sentensi ya tatu. "Nilijua," akasema. "Niliulizia, wakaniambia mstari umenyooka. Katika nyumba yetu nani mwingine alikuwa na rula?"

Kisha akaniambia nimsomee orodha ile uliyonitumia, yote, kuanzia juu, na nisiruke wala kueleza.

Tumo siku ya nne. Marihot amerudi na nyama, imekaushwa kwa chumvi, na kaka ameila kwa wali. Tumefika kizazi cha tisa, na tayari ameshakosoa watu ishirini na watatu. Anasema namba 640 na 641 umewabadilisha, mkubwa ndiye mdogo. Anasema namba 702 hakufa kwa homa, alianguka kutoka kwenye dari ya mwanamke. Hilo usiliandike, lakini mimi nimeliandika. Na yeye mwenyewe umemnyima miaka miwili. Ana themanini, na anadai heshima ya hiyo miwili.

Karatasi ziko ndani ya bahasha hii. Fungua mashine.

Marolop, mtoto wa pili